Wakili Akikutelekeza Nchini Kenya: Okoa Kesi Kwanza, Kisha Umfikishe Mbele ya Jopo la Nidhamu

Mtu anayegundua kwamba wakili wake ameitupa kesi yake huyataka mambo matatu kwa mpigo: kesi ifufuke, pesa zirudi, na wakili aadhibiwe. Sheria ya Kenya inayaruhusu yote matatu, lakini haikuyaweka nyuma ya mlango mmoja. Kesi hufufuliwa katika mahakama ileile ilikofunguliwa. Pesa hudaiwa mbele ya Jopo la Nidhamu au kwa kumshtaki wakili mwenyewe. Nayo adhabu ya kitaaluma, kwa kawaida, hutolewa na Jopo hilo chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16. Anayeanza na adhabu kwa kusukumwa na hasira mara nyingi hupokea barua ya kumwarifu kwamba lalamiko lake limesajiliwa, huku muda wa kuomba kesi irejeshwe ukizidi kuyoyoma. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio wa kesi kwanza, karatasi pili, wakili mwisho, na unahusu hasa kesi za madai: ajali za barabarani, ardhi, kazi na mirathi.

Hatua ya kwanza: Jua faili lako limelala wapi

Kabla ya kumlaumu mtu yeyote, nenda katika masjala ya mahakama ambako uliambiwa kesi imefunguliwa, ukiwa na kitambulisho na nambari ya kesi. Ikiwa miaka imepita na hujawahi kupewa nambari ya kesi, hiyo peke yake ni dalili, na swali lako la kwanza kwa ofisi ya wakili linapaswa kuwa nambari hiyo na nakala ya hati ya madai yenye muhuri wa mahakama. Tangu Julai 2020, Idara ya Mahakama ilipoanza kusajili kesi za Nairobi kwa njia ya kielektroniki na baadaye kuueneza mfumo huo, kufuatilia kesi kumekuwa rahisi kuliko zamani, na orodha za kesi za kila siku huchapishwa mtandaoni. Hata hivyo, kwa kesi za zamani hakuna kinachoshinda kusimama mbele ya karani wa masjala na kumwomba akusomee faili. Uliza kesi ilisajiliwa lini, hatua ya mwisho ilikuwa ipi, nani alifika siku hiyo, na tarehe ijayo ni lini. Omba pia nakala ya mwenendo wa kesi. Utalipa ada, lakini karatasi hiyo itakusaidia kuliko shahidi yeyote.

Utakachokikuta hapo kitakuelekeza pa kwenda, na ni lazima ukielewe vizuri kwa sababu si kila kuchelewa ni uzembe wa wakili. Mahakama zenyewe zina msongamano, majaji huhamishwa, na upande wa pili huomba kuahirishiwa. Kushindwa kesi nako si kosa la nidhamu: wakili aliyefika, akawahoji mashahidi, akawasilisha hoja zake na bado akashindwa hajakutelekeza. Katika hali hiyo lililo mbele yako ni rufaa, nayo ina muda wake: siku 30 kutoka mahakama ya hakimu kwenda Mahakama Kuu, na siku 14 za kuwasilisha taarifa ya rufaa iwapo unakwenda Mahakama ya Rufaa.

Hali ya kwanza ya uzembe halisi ni kwamba kesi haikufunguliwa kabisa. Hapa kalenda ndiyo hakimu. Madai yanayotokana na mkataba yana miaka 6. Madai ya kuumizwa kwa uzembe wa mtu, kama vile ajali ya matatu, yana miaka 3. Madai ya kurejeshewa ardhi yana miaka 12. Na madai ya mfanyakazi yanayotokana na mkataba wa kazi, kwa jumla, yana miaka 3. Anayeidai Serikali kwa sababu ya madhara aliyotendewa ana miezi 12 pekee, na ni wengi wanaodhani wana miaka mitatu kwa kuwa jirani yao aliyegongwa na gari la mtu binafsi alikuwa nayo. Kama muda haujaisha, mchukue wakili mwingine wiki hiyohiyo na uyaache malalamiko yasubiri. Kama umekwisha, kwa madai ya kuumizwa kuna mlango mwembamba wa kuomba mahakama iongeze muda, lakini sababu zinazokubaliwa ni chache, na kusema tu kwamba wakili alilala haimo miongoni mwake.

Hali ya pili ni kwamba kesi ilifunguliwa ikaachwa. Chini ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za mwaka 2010, kesi ambayo hakuna upande uliochukua hatua kwa mwaka mmoja yaweza kuitwa ili mdai aeleze kwa nini isifutwe. Taarifa hiyo hupelekwa kwa wakili aliye kwenye rekodi, si nyumbani kwako, na ndiyo maana mteja huja kujua kesi imefutwa miaka miwili baadaye. Hali ya tatu ni kwamba siku ya kusikilizwa ilifika, upande wa pili ukaja, wako haukuja, kesi ikatupiliwa mbali. Zote mbili hutibika kwa maombi ya kuirejesha, ambayo nitayaeleza katika hatua ya tatu.

Hali ya nne ndiyo inayouma kuliko zote, na hujitokeza zaidi katika kesi za ajali: kesi iliisha, mkapata ushindi au mkapatana na kampuni ya bima, hundi ikatolewa kwa jina la ofisi ya wakili, na mteja bado anaambiwa kwamba jaji hajaandika hukumu. Usimwulize wakili peke yake. Iandikie kampuni ya bima barua, ukitaja nambari ya kesi na nambari ya gari, na uulize iwapo wamelipa, kiasi gani, lini, na kwa nani. Wakishajibu kwa maandishi kwamba walilipa, lalamiko lako halihusu kuchelewa tena. Linahusu pesa za mteja zilizoshikiliwa, na hilo ni jambo zito zaidi.

Hatua ya pili: Andika barua yenye tarehe

Simu kumi na mbili zisizopokelewa hazithibitishi kitu kama barua moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mlalamishi asiyeandika hana daftari. Barua isiwe ndefu wala ya matusi. Isomeke kama iliyoandikwa na mtu ambaye tayari anajua itasomwa na jopo. Mfano unaotosha ni huu:

"Kwa Wakili (jina). Kuhusu: kesi nambari (…), Mahakama ya (…). Nilikupa kazi hii tarehe (…) na nimekulipa jumla ya shilingi (…), kama risiti zilizoambatishwa zinavyoonyesha. Tarehe (…) nililikagua faili katika masjala na kukuta kwamba (eleza kwa sentensi moja). Naomba unieleze kwa maandishi, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii: kesi imefikia wapi, kwa nini hukufika tarehe (…), na pesa zozote ulizopokea kwa niaba yangu. Naomba pia nakala za hati zote zilizomo katika faili langu."

Ipeleke kwa mkono, ukagongewe muhuri kwenye nakala yako, na uitume pia kwa barua pepe. Karani akikataa kugonga muhuri, andika nyuma ya nakala jina lake, tarehe na saa, kisha uitume kwa posta ya rejista. Mawakili wengine huamka wakiona barua ya namna hii, kazi ikafanyika na jambo likaishia hapo; hilo ni tokeo jema, wala huna haja ya kuendelea na malalamiko kwa ajili ya kulipiza kisasi. Jambo moja la kujihadhari nalo: usiweke jina la wakili kwenye makundi ya WhatsApp wala kwenye ukurasa wa Facebook ukimwita mwizi. Utampa sababu ya kukushtaki kwa kumharibia jina, na kesi itakayosonga haraka itakuwa hiyo yake.

Hatua ya tatu: Okoa kesi

Mteja ana haki ya kubadilisha wakili wakati wowote. Wakili mpya huwasilisha mahakamani taarifa ya mabadiliko na kuwapa nakala wakili wa zamani na upande wa pili. Huhitaji ruhusa ya wakili wa zamani ili jambo hilo litendeke, ingawa wengi huambiwa kinyume. Unaweza pia kuwasilisha taarifa kwamba utajiwakilisha mwenyewe. Tofauti iliyopo ni hii: ikiwa hukumu imekwisha kutolewa, mabadiliko hayo yanahitaji idhini ya mahakama, au maafikiano ya maandishi kati ya wakili anayetoka na anayeingia. Maombi mengi mazuri yametupwa kwa sababu wakili mpya alisahau jambo hili dogo, kwa hiyo muulize siku ya kwanza.

Kisha yanafuata maombi ya kuirejesha kesi au kuiondoa hukumu iliyotolewa bila wewe kuwapo. Hapa mteja hukutana na nyimbo mbili zinazoimbwa na mahakama zilezile. Wimbo wa kwanza unasema kwamba kosa la wakili lisimwangukie mteja asiye na hatia. Wimbo wa pili unasema kwamba kesi ni ya mteja, si ya wakili, na mteja ana wajibu wa kuifuatilia. Hawezi kulala miaka mitano kisha akaja kusema kwamba wakili alimlaza. Majaji huchagua wimbo kwa kutazama mwenendo wa mteja mwenyewe. Ukionyesha kwamba ulipiga simu, ulikwenda ofisini, uliandika barua, ulifika masjala, na kwamba maombi yako yamewasilishwa siku chache tu baada ya kugundua yaliyotokea, unasikilizwa kwa sikio la kwanza. Ukija mikono mitupu, unasikilizwa kwa la pili.

Kwa hiyo hati ya kiapo itakayounga mkono maombi hayo iwe yako wewe, kwa maneno yako, ikitaja tarehe moja baada ya nyingine. Wapo mawakili wapya wanaopenda kuiapa wao wenyewe, wakieleza makosa ya mwenzao. Wakili mpya hakuwapo, na maneno yake hayana uzito wa aliyekuwa akipanda matatu kutoka Mtwapa kila mwezi kuuliza habari za kesi yake. Ambatisha ile barua ya hatua ya pili. Ndiyo maana ilitangulia.

Kuhusu faili lililobaki kwa wakili wa zamani: wakili anayedai ada halali anaweza kuzishikilia hati kama dhamana mpaka alipwe, na mabishano ya ada yana njia yake, ambayo ni kukadiriwa kwa gharama mbele ya Naibu Msajili wa mahakama. Mlalamishi anayesema "alinitoza kupita kiasi" huelekezwa huko. Wakati huohuo, usikae ukisubiri faili lake: nakala za hati zote zilizowasilishwa mahakamani zinapatikana masjala.

Hatua ya nne: Panga ushahidi kwa tarehe, si kwa uchungu

Chukua karatasi, ichore safu tatu. Ya kwanza ni tarehe, ya pili ni kilichotokea, ya tatu ni karatasi inayokithibitisha. Anza na siku uliyompa kazi na umalizie na leo. Mstari ambao safu yake ya tatu ni tupu uuache, lakini ujue kwamba huo ndio wakili atakaoukana. Malipo ya M-Pesa yana ujumbe wake, na taarifa ya miezi iliyopita huweza kuombwa kwa mtoa huduma. Malipo ya fedha taslimu bila risiti yataje hata hivyo, pamoja na jina la aliyekuwapo. Ujumbe wa WhatsApp uchapishe pamoja na nambari na tarehe zikionekana, usiukate vipande vinavyokufaa peke yake, kwa maana wakili atauleta mzima.

Katika kazi hii utaona kwamba masikitiko yako mengi hayaingii kwenye jedwali. Kwamba wakili alikudharau mbele ya watu, kwamba alinunua gari jipya wakati wewe ukiuza mbuzi, kwamba mkewe hakukusalimu: hayo yaache nyumbani. Kinachoingia ni kushindwa kufungua kesi ndani ya muda, kutofika mahakamani, kutojibu barua za mteja, kutomweleza mteja hatua za kesi yake, kutotoa hesabu ya pesa, na kukataa kurudisha hati bila sababu. Katika kesi za ajali ongeza swali hili: je, kampuni ya bima ilipewa taarifa ya kesi kwa wakati? Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inailazimisha kampuni kulipa fidia ya hukumu dhidi ya mteja wake, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, lakini si bila taarifa hiyo. Wakili aliyeisahau amekuachia hukumu nzuri dhidi ya dereva asiye na kitu.

Hatua ya tano: Wasilisha lalamiko kwa Tume

Njia ya kawaida ya mwananchi ni Tume ya Malalamiko ya Mawakili, iliyoanzishwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 1989 na inayofanya kazi chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Huduma yake hailipiwi. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Mawakili kinaipa wajibu wa kupokea lalamiko la mtu yeyote kuhusu mwenendo wa wakili, ofisi ya mawakili, au hata mfanyakazi wa ofisi hiyo. Maneno haya ya mwisho yana faida, kwa kuwa mara nyingi aliyechukua pesa na kutoa tarehe za uongo ni karani, na wakili huja akisema hamjui mteja.

Kabla ya kuandika, hakikisha kwamba unayemlalamikia ni wakili kweli. Ili mtu afanye kazi hiyo ni lazima jina lake liwe katika Daftari la Mawakili na awe na leseni ya mwaka huo. Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK, kina ukurasa wa kumtafuta wakili kwa jina na kuona hali yake. Mwaka 2023 nchi nzima ilizungumzia kisa cha mtu aliyedaiwa kujifanya wakili kwa kutumia jina la wakili halisi linalofanana na lake mwenyewe, kwa hiyo usidhani suti na mkoba vinatosha. Ukikuta hayumo kabisa, peleka habari polisi na kwa LSK, kwa sababu Jopo la Nidhamu haliwezi kumfuta kwenye daftari mtu ambaye hakuwahi kuandikwa humo.

Lalamiko lenyewe lijaze katika fomu ya Tume au liandike kwa barua, kisha uambatishe jedwali lako na nakala za karatasi. Nakala, si hati halisi, ambazo zibaki kwako. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, kwa hiyo iandike barua kwa lugha unayoweza kuitetea ukiulizwa. Nimeona watu wakiandikiwa malalamiko kwa Kiingereza kizito na mtu wa duka la kompyuta, na walipohojiwa juu yake hawakuweza kueleza aya ya pili ilimaanisha nini.

Mwishoni mwa barua sema wazi unachotaka. Barua inayosema tu "nataka haki" humwachia ofisa kazi ya kubahatisha, ilhali inayosema "nataka shilingi 400,000 zilizolipwa na bima tarehe fulani, pamoja na hati yangu ya ardhi" inaweza kushughulikiwa kesho yake.

Tume ikilipokea, huwa na njia kadhaa. Ikiona halina msingi, hulikataa. Ikiona lina msingi, humtaka wakili ajibu, nawe hupewa nafasi ya kusema juu ya majibu yake. Jibu kwa kufuata hoja zake moja moja, usirudie barua ya kwanza. Ikiona jambo si zito sana, sheria inaitaka ihimize mapatano, na mapatano haya si ya kudharau: mteja anayelipwa mezani miezi sita tangu kulalamika amepata kuliko anayengojea hukumu ya nidhamu kwa miaka. Ikiona kuna kosa la nidhamu, hulipeleka mbele ya Jopo la Nidhamu, na huko Tume ndiyo inayoiendesha kesi. Hivyo huhitaji kumlipa wakili mwingine kwa ajili hiyo.

Hatua ya sita: Mbele ya Jopo la Nidhamu

Jopo limeundwa na kifungu cha 57 cha Sheria ya Mawakili. Ndani yake mna Mwanasheria Mkuu au mwakilishi wake, mawakili waliochaguliwa na wenzao, na pia wajumbe wasio mawakili, jambo linalofaa kutajwa kwa sababu malalamiko ya kila siku ni kwamba mwewe hamhukumu mwewe mwenzake. Kifungu cha 60 kinamruhusu mtu yeyote kupeleka lalamiko moja kwa moja katika Jopo bila kupitia Tume. Kinachohitajika ni hati ya kiapo, iliyoapwa mbele ya Kamishna wa Viapo au hakimu, ikieleza mambo na kuambatisha ushahidi. Mimi humshauri asiye na uzoefu apitie Tume, kwa kuwa hati mbovu ya kiapo huweza kulizamisha lalamiko zuri.

Wakili husomewa mashtaka na kuulizwa iwapo anakubali au anakana. Akikana, pande zote husikilizwa, mara nyingi kwa kutegemea hati za viapo. Fika kila tarehe, kwani lalamiko la kutelekezwa linalotajwa mara tatu bila mlalamishi kuonekana humpa wakili hoja asiyoistahili. Jopo likimpata na hatia, wakili hupewa nafasi ya kujitetea kuhusu adhabu, na hapa ndipo pesa nyingi hurudi: wakili anayejua siku ya adhabu inakuja hulipa ili aonekane amejirekebisha. Usishangae wala usikatae malipo hayo kwa kiburi, ila yapitishe kwenye rekodi ya Jopo.

Adhabu zinazoruhusiwa ni karipio, kusimamishwa kazi kwa muda usiozidi miaka 5, kufutwa kwenye Daftari la Mawakili, faini isiyozidi shilingi milioni 1, na kuamriwa kumlipa mlalamishi fidia au kumrudishia pesa zisizozidi shilingi milioni 5. Jopo linaweza kuchanganya adhabu hizo. Faini haiji kwako; fidia ndiyo yako, kwa hiyo ombi la fidia liwe limeandikwa tangu mwanzo na hesabu yake ionekane. Amri ya kulipa huweza kusajiliwa mahakamani na kutekelezwa kama hukumu nyingine. Wakili asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu, na akifanya hivyo uwe tayari kwa safari nyingine.

Mahakama Kuu yenyewe ina mamlaka yake ya asili juu ya mawakili kama maofisa wa mahakama, na kwa wakili aliyeshikilia pesa au hati za mteja inaweza kuombwa imwamuru atoe hesabu. Njia hiyo ni ya haraka kiasi, lakini itakubidi uwe na mtu wa kukuandalia maombi.

Hatua ya saba: Pesa ambazo nidhamu haizifikii

Ikiwa hasara yako inapita milioni 5, au ikiwa umepoteza shamba zima kwa sababu wakili hakufika, utalazimika kumshtaki kwa uzembe wa kitaaluma. Kesi hii ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Haitoshi kuthibitisha kwamba wakili alilala. Ni lazima uthibitishe kwamba angekuwa macho ungeshinda. Tuchukue mfano wa mdai ambaye kesi yake ya ajali ilifungwa na muda. Ataileta ajali yote mbele ya jaji, mashahidi, ripoti ya polisi na fomu ya daktari, kana kwamba anamshtaki dereva. Nayo kesi hii ina kalenda yake: miaka 6 ukitegemea mkataba wenu, miaka 3 ukitegemea uzembe peke yake, na kusubiri uamuzi wa Jopo hakuisimamishi saa hiyo. Kabla ya kuanza, uliza wakili ana bima ya dhamana ya kitaaluma katika kampuni gani, kwa maana kanuni zinamtaka awe nayo, na bima ndiyo yenye uwezo wa kulipa.

Kwa upande mwingine, ikiwa unachotaka ni kurudishiwa ada uliyolipa kwa kazi isiyofanywa na haizidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo inaweza kukufaa. Sheria yake ya mwaka 2016 inaitaka iamue kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Asiye na uwezo kwa kesi iliyo kubwa zaidi aulize katika Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Pale ambapo wakili alikabidhiwa pesa kwa kazi maalumu na akashindwa kuzitoa kazi ilipokwisha, kifungu cha 80 cha Sheria ya Mawakili kinalifanya hilo kuwa kosa la jinai, lakini mashtaka yake yanahitaji kwanza ripoti kutoka kwa Jopo kwenda kwa Mwanasheria Mkuu. Wengi hukimbilia kituo cha polisi, wakaambiwa "hilo ni la madai, nenda kwa LSK", na wakadhani askari amehongwa.

Wakili akitaka kumalizana nawe njiani

Siku barua ya Tume itakapomfikia, huenda simu yako ikalia baada ya kimya cha miaka mitatu, na sauti ya upole ikakuita mzee wangu au mama yangu na kukualika ofisini. Nenda, lakini usiende peke yako. Ukipewa makubaliano ya kutia sahihi, yabebe nyumbani uyasome. Tazama kama yanasema umelipwa "malipo kamili na ya mwisho" kwa kiasi kilicho pungufu ya ulichopewa na bima. Yakubali malipo ya awamu ikiwa tu kila awamu ina tarehe na makubaliano yamewasilishwa kwa Tume. Barua ya kuondoa lalamiko isitoke mkononi mwako mpaka benki ithibitishe kwamba pesa zimeingia. Hundi iliyopokewa Ijumaa jioni bado si pesa, na hundi ya wakili aliyefikishwa hapo inahitaji kusubiriwa mpaka ikubaliwe.